Uliza Hali Kwanza

Nakiri sasa, kwa kuwa walioathirika wamenisamehe au wamechoka: ule mngurumo niliutaka mwenyewe.

Nilikana kwa muda mrefu. Kila aliyeuliza nilimwambia kwamba fundi alinielewa vibaya, kwamba nilipeleka gari kwa ajili ya kutu kwenye bomba la moshi nikarudishiwa kitu kinachonguruma kama simba mwenye mafua. Haikuwa hivyo. Nilikwenda gereji kwa hiari yangu, nikaonyesha kwa mikono unene wa bomba nililolitaka, nikasema sailensa itolewe, na lile chujio la moshi lililo jirani na injini litolewe pia, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba linaibana injini ya dizeli isipumue vizuri. Nilitumia neno hilo hilo, isipumue. Nina shahada mbili.

Nilikuwa nimefika umri ambao mwanamke husimama kuongea mkutanoni na watu wakaendelea kutafuta chaja za simu zao. Nikaona afadhali nisikike hata kwenye taa za barabarani.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kuniuliza habari za mngurumo ule ni jirani yangu wa ghorofa iliyo chini ya yangu, ambaye mtaa wetu wote wa Old Kampala ulimwita Afande, nami sikuwahi kumwita vingine. Na ndiye aliyekuwa akikaa ndani ya gari hilo kila Jumapili.

Alikuwa amefundisha madereva wa polisi, vizazi kwa vizazi. Alistaafu kabla sijahamia juu yake, lakini habari za kustaafu hazikumfikia kikamilifu. Alinyoa ndevu kila asubuhi dirishani, huku akitazama magari yanayoshuka mtaani na kuyatolea alama kwa sauti. Mwenye taksi aliyekata kona bila kuonyesha ishara alisikia juu ya kichwa chake neno "Umeferi," akatazama mbinguni, asimwone mtu.

Yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki gari. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini padri hana watoto. Na barabara alivuka bila kuangalia upande wowote, mkono mmoja umeinuliwa, kiganja kikielekea kwa magari, akiamini kwamba sheria bado iko naye. Waendesha boda walimkwepa wakitukana, kisha wakamtambua, na tusi likaishia katikati: "We mzee mjin... shikamoo Afande."

Alikuwa Mkatoliki wa kanisa kuu la Lubaga, lakini maisha yake yote yalipangwa na msikiti ulio juu ya kilima chetu. Aliamka kwa adhana ya alfajiri, akaiita baragumu lake, na siku ambayo ilionekana kwake kuchelewa alifungua dirisha akakohoa kwa nguvu kuelekea mnarani. Mwezi wa Ramadhani alipanda kwetu kufuturu na mama yangu na mimi. Mama alipomuuliza kwa adabu kama naye amefunga, alijibu kwamba amefunga tangu chakula cha mchana.

Kiswahili chake alikipata kambini, kwa mkufunzi kutoka pwani ambaye, kwa maelezo yake, alifundisha udereva kwa kiboko na msamiati kwa matusi. Luganda kilikuwa kimetangulia mdomoni. Kwa hiyo l iliyofuata e au i ikawa r, na r nyingine zote zikawa l. Gari lilikuwa gali, hatari ilikuwa hatali, habari habali, na Jumapili ilikuwa Jumapiri. Mimi natoka katika familia ya wenye maduka waliopanda kutoka pwani zamani, na bibi yangu mzaa baba aliweza kukukatiza katikati ya kilio akusahihishe ngeli. Basi nilimsikiliza Afande kwa sikio la mhariri. Kila herufi iliyopotea niliirudisha kimyakimya mahali pake, nikitabasamu. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna hata moja iliyonipita.

Yeye aliniita Binti ya Duka, ingawa duka la baba lilishafungwa, na Kiswahili changu alikiita cha redio. "Nzuli," alisema, "lakini haisikii mutu."

Sheria zake za gari zilikuwa nyingi, na mtu angeweza kuzifuata zote asifike popote. Kubwa kuliko zote ilihusu honi. Honi, kwake, ilikuwa ya kuokoa maisha, basi. Anayefika mlangoni kwa mtu akapiga honi ili mtu atoke nyumbani hana tofauti na anayemwita mama mkwe kwa mluzi. Siku ya kwanza nilipomfuata kumpeleka kanisani, baada ya magoti yake kuanza kumsumbua, nilipiga honi kidogo tu langoni. Hakutoka. Nilipopanda kugonga mlango nilimkuta amekaa tayari, suti imenyooshwa, kofia magotini. Akaniambia amesikia mnyama analia huko chini, akangoja mwenye mnyama aje.

Sikurudia. Nami nilishangaa jinsi alivyokuwa hodari wa saa: baada ya muda, kila nilipotoka kujaza mafuta asubuhi ya Jumapili na kurudi, nilimkuta amekwishasimama langoni. Nilidhani ni nidhamu ya jeshi la polisi.

Sheria ya pili nilikuwa naipenda kuliko zote. "Gali ikiugua," alisema, "usikimbirie moshi. Uliza hali kwanza." Na yeye mwenyewe aliitekeleza. Kabla ya kupanda, aliweka kiganja juu ya boneti, akanyamaza kidogo, akakisogeza hadi ubavuni, ndipo akafungua mlango wa nyuma. Nilikuwa nikimtazama kupitia kioo cha mbele na moyo wangu ulikuwa ukilainika. Mtu anaisalimu mashine! Niliandika makala nzima gazetini kuhusu watu wa kale ambao hawafungui hata mlango wa gari kabla ya kulijulia hali. Msomaji mmoja alipiga simu kwa mhariri kusema imemtoa machozi. Mimi mwenyewe ilinitoa, nilipoisoma mara ya pili.

Ndani ya gari alikaa nyuma kushoto, kiti cha mkubwa, kioo kimefungwa hadi juu kwa sababu vumbi la Kampala halina heshima kwa suti. Mimi kioo changu kilikuwa wazi na kiwiko nje, mkao ambao nilidhani unaendana na ule mngurumo. Tafadhali kumbuka vioo hivi viwili, vina kazi mbele.

Mara ya kwanza nilipompeleka Lubaga na bomba jipya, kwenye mwinuko wa kanisa gari lilitoa moshi mweusi uliofunika barabara nyuma yetu. Mwendesha boda alijitokeza ndani yake kama mtu anayetoka pangoni, akanifikia dirishani, akauliza bila hasira, "Nyabo, mama, umepika nini?" Afande alitazama mbele. Hakusema neno, na kwa mtu aliyekuwa akifelisha madereva kutoka dirishani, kimya kile kilikuwa ripoti ndefu.

Nilirudi kwa fundi. Alisikiliza injini, akafurahia kazi ya mikono yake, akasema itazoea. Nilimuuliza nini hasa kitakachozoea. Alifikiri, akasema, "Wewe."

Hapo ndipo Afande alipoingia kazini. Alishusha kiti chake cha plastiki uani, akaketi mbele ya boneti iliyo wazi, akaanza kutoa hukumu. Ni haki niseme kwamba nyingi hazikuwa na msingi. Alisema ni dizeli chafu; nikabadilisha kituo cha mafuta, moshi ukabaki. Alisema ni nozeli zinazonyunyiza mafuta. Zikatolewa, zikapimwa, zikakutwa nzima kabisa. Alikuwa akikosea kwa sauti ile ile aliyotumia alipopatia, kwa hiyo mtu hakuweza kujitayarisha. Mwishowe, alipokuwa amekwenda kulala mchana, nilifungua mwenyewe sanduku la kichungi cha hewa. Kilikuwa kimejaa kama godoro la bweni. Injini ilikuwa inalishwa mafuta bila hewa ya kutosha kuyaunguza, na zamani chujio na sailensa vilikuwa vikificha aibu hiyo. Nikaweka kichungi kipya. Kwenye mwinuko wa Lubaga moshi ukapungua ukawa kijivu chepesi, wa kawaida kwa gari lisilo na chujio na lisilo na adabu.

Nilitangaza ushindi. Nilimtangazia mama, nilimtangazia Afande, nadhani nilimtangazia hata mwendesha boda.

Lakini harufu ilibaki. Unaijua, ile ya kibatari kilichopulizwa sasa hivi, inayokaa nyuma ya koo. Nilitundika kwenye kioo kile kikadi cha manukato chenye umbo la mti. Gari likanuka kibatari ndani ya msitu. Sikuwaza zaidi. Moshi ulikuwa umekwenda, nami nilikuwa mtu wa kuamini ninachokiona. Sikutambua kwamba moshi unaoonekana ulikuwa ukitoka nyuma kwenda kwa wengine, na kwamba kilichokuwa kikiingia ndani hakikuwa na rangi yoyote.

Afande alianza kuumwa kichwa. Mwanzoni alisema ni mahubiri. Kisha akaanza kushuka garini akiwa mweupe mdomoni, akisema chakula cha asubuhi hakikutulia. Jumapili moja alikaa kwenye ngazi za kanisa, mikono magotini, na nilipomwendea aliniita kwa jina la marehemu mkewe na kuniuliza kama tumeshafika au tunaondoka.

Binti yake alikuja siku hiyo hiyo. Anaishi Bugolobi kwenye fleti, anafanya kazi benki, na si mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu kwa muda nilitamani awe mbaya. Alisema baba yake anazeeka peke yake, anasahau, anaanguka, na kwamba chumba kiko tayari kwake. Afande aliusikia uamuzi huo amekaa wima. Kisha akasema Bugolobi anapafahamu. Huko watu wanasalimiana na mageti. Atakaa kwenye balkoni ya ghorofa ya nne, bila magari ya kuyatolea alama, na adhana itamfikia kwa uvumi.

Binti aliniuliza mbele yake: gari lako liko sawa, Dada? Maana huumwa akitoka kwenye gari.

Nikasema liko sawa. Nilikwishasema mara nyingi kwamba bomba ni kosa la fundi, tena kosa la sauti tu. Mtu akishasema jambo kwa muda, linakuwa kama samani, analizunguka gizani bila kujigonga.

Afande alinitazama. Halafu akatazama juu, kuelekea balkoni yangu.

Nilipanda nyumbani nikakaa. Na mimi pia nilikuwa naumwa kichwa siku za Jumapili. Nilikuwa nimekwenda kubadilisha miwani kwa sababu hiyo. Nikaviona kwa mara ya kwanza vile vioo viwili, changu kilicho wazi na chake kilichofungwa, na feni ya gari ikimpulizia yeye hewa kutoka mbele njia nzima. Kama kosa lilikuwa la gari, basi kichwa chake kilikuwa kizima na angebaki hapa. Kama kosa halikuwa la gari, angekwenda. Sijawahi kutamani kiasi kile kuwa na hatia.

Binti alikuwa ametoa muda hadi mwisho wa mwezi. Jumamosi iliyofuata, asubuhi, nilivaa kanga kuukuu nikafungua boneti nikaapa kwamba sitaifunga kabla sijapata tundu. Nilimulika kwa tochi kila inchi ninayoweza kuifikia. Nililala chali uani nikatazama bomba lote kwa chini, hadi mwisho. Fundi alikuwa amelikata fupi, likiishia kabla ya bampa, na Afande, kwenye kiti chake na kikombe cha chai, alisisitiza kwamba uchafu wote unaingilia huko nyuma, kwenye mpira wa mlango. Nikaziba mpira kwa utepe, nikaendesha kuzunguka mtaa vioo vikiwa vimefungwa. Kibatari kilikuwepo, tena mbele, usoni pangu. Nikamwambia amekosea. Akasema tundu limehama.

Tuliendelea hivyo hadi jua likatupata. Nilikuwa nimeinama juu ya injini, jasho likinidondoka puani, na nikasema peke yangu, kwa maneno ya bibi yangu yanayonitoka nikichoka, "Yallah, hari leo imenizidi."

Nyuma yangu kikombe kiliwekwa chini.

"Ehe," alisema Afande. "Sasa umeuliza."

"Nimeuliza nini?"

"Hali. Nimekuambia miaka yote. Uliza hali kwanza. Wewe unakimbiria moshi na tochi."

Nilijinyoosha polepole. Gali ni gari. Hatali ni hatari. Habali ni habari. Nilikuwa nimezirudisha zote, moja baada ya nyingine, miaka yote hiyo, isipokuwa ile moja ambayo ilikuwa na maana nzuri hata ikiwa imekosewa.

"Afande," nilisema, "hali ya kujuliana, au hari ya jasho?"

"Ya jasho!" Alinitazama kwa huruma halisi. "Gali inajuliwa hali? Gali ni shangazi?"

"Na ule mkono juu ya boneti kila Jumapili?"

"Nirikuwa napima kama umeacha injini ipate moto kabla ya kunipakia. Hujawahi kuacha."

"Niliandika makala gazetini."

"Nirisoma," alisema. "Sikuerewa kitu hata kimoja. Nikasema, mutoto amesoma sana, kale, sawa tu."

Neno lenyewe, hari kwa maana ya joto, lilikuwa la kwetu. Yule mkufunzi wa pwani alimpa kambini, akalibeba mpaka uzeeni kwa ulimi wake, na mimi niliyelelewa nalo nikalisikia kila wiki nisilijue.

Tukangoja injini ipoe kabisa. Kisha akaniambia niwashe, nirudi haraka, nipitishe kiganja kando ya bomba bila kugusa, kuanzia injini kwenda nyuma, wakati chuma bado ni baridi. Joto linapaswa kutembea ndani ya bomba, alisema, kama askari kwenye mstari. Pale linaporuka nje ya mstari, hapo ndipo.

"Fanya wewe," nilimwambia. "Ni kazi yako."

"Weka mukono wako."

Niliweka wangu. Injini ilikuwa inatetemeka na chuma bado kilikuwa baridi kama sufuria ya jana. Nilishuka taratibu, na pale bomba jipya lilipoungwa na injini, nyuma ya kibati cha kukinga moto, kitu kilinipulizia kwenye kifundo cha mkono. Pumzi ndogo za moto, moja kwa kila mpigo. Niliinua macho. Juu kidogo tu ya mahali hapo, chini ya kioo cha mbele, kulikuwa na matundu yanayovuta hewa ya feni. Njia ilikuwa imenyooka, kutoka kwenye kiungo hadi kwenye kiti cha mkubwa.

Nilipokifungua kile kibati nyuma yake kulikuwa na masizi yaliyotawanyika kama mkia wa tausi. Fundi alikuwa amebana bomba jipya juu ya gasketi ya zamani ya kuziba kiungo, nayo imepasuka. Kosa halikuwa sauti wala moshi, lilikuwa karatasi ya chuma nyembamba kama kisu.

"Afande, njoo uihisi!"

Akainuka, akaja, akaweka kiganja mahali nilipomwonyesha. Akakiacha hapo muda mrefu. Uso wake haukubadilika.

"Sisikii," alisema.

"Labda umeweka mbali."

"Mukono huu uliungua zamani, kwenye injini ya loli." Alikitoa, akakitazama. "Ule mwingine nao, siku hizi."

Basi kila Jumapili alikuwa akiweka kiganja kisichosikia juu ya boneti yangu, asubiri kidogo, kisha apande. Aliona nimeelewa. Akarudi kwenye kiti chake, akanywa chai iliyokwisha kupoa, akasema kwamba hilo la mkono si lazima liandikwe gazetini. Nimengoja mpaka aliporuhusu.

Mafundi wengine, wasio wa gereji ile, waliweka gasketi mpya na kulirudisha chujio. Sailensa ya zamani nilikuwa nayo mimi. Ilikuwa imesimama balkoni, imekatwa mdomo, imejazwa udongo, nimepanda shubiri ndani yake. Niliing'oa shubiri, mafundi wakanitafutia na kunifungia sailensa nyingine ya aina ile, na ile kuukuu nikaibeba chini kwenda kuitupa, udongo ukidondoka kwenye ngazi. Afande alikuwa mlangoni kwake.

"Nirikuwa najiuliza," alisema, "lini utachoka na hiyo ua."

"Ulijua tangu mwanzo kwamba niliitoa mwenyewe?"

"Binti ya Duka. Mutu akikosewa na fundi, anapanda maua kwenye kosa?"

"Mbona hukusema, wakati binti yako ananiuliza?"

Akafikiri. "Ungeaibika mbere ya mutoto," alisema, akafunga mlango.

Alikuwa tayari kwenda kukaa Bugolobi na mageti yake ili nisiaibike mbele ya mtoto. Niliupandisha ule mzigo wa aibu kwenye ngazi, nikaoga, nikavaa vizuri, nikaendesha hadi Bugolobi siku hiyo hiyo.

Binti alinipa juisi. Nikamweleza yote: bomba, chujio, shubiri, gasketi. Alinisikiliza kama anavyosikiliza, nadhani, watu wanaoomba mkopo.

"Kwa hiyo umekuwa ukimfukiza baba yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Kila Jumapili."

"Ndiyo. Na sitaki umhamishe kwa kosa langu."

Alizungusha glasi mezani. Akasema kwamba alishamkuta langoni siku ya kazi, siku isiyo na gari wala kanisa, amesimama na kofia mkononi, asijue kama anatoka au anaingia. "Si kila kitu ni bomba, Dada."

Nilikumbuka kiganja kile, sikukitaja. Nilimwomba tu Jumapili zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi, vioo vimefungwa, na ile ya mwisho aje mwenyewe akae karibu naye, kisha aamue wakiwa wawili, mimi nisiwepo. Akakubali. Aliponisindikiza hadi kwenye gari alisimama akalisikiliza nilipowasha.

"Ndivyo linavyosikika gari lako?" aliuliza. "Sikuwahi kujua."

Jumapili hizo zilipita kwa amani. Afande hakusema kichwa kinauma wala hakiumi; ukimuuliza alisema kichwa ni siri ya serikali. Ile ya mwisho tulikwenda watatu. Nilifunga vioo vyote, changu pia, na kiwiko changu kikakaa ndani kama cha watu wengine. Msongamano wa kuelekea Lubaga ulikuwa mbaya kuliko kawaida, magari yamesimama, na nilimwona binti kwenye kioo akimtazama baba yake kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Afande alimfelisha dereva wa lori, akamfelisha trafiki, akamfelisha na askofu aliyepita na msafara wake. Njiani kurudi aliimba wimbo wa gwaride, beti zote, na alipokosea mstari alirudi mwanzo akaurekebisha.

Niliwashusha langoni. Walipanda pamoja bila kuniaga, na mlango wake ukafungwa. Mimi nikapanda kwangu. Mama alinipa chakula, sikukigusa. Chini sikusikia sauti, na sakafu zetu ni za zamani, husikika hata kijiko. Kisha nikasikia mlango, viatu vya binti kwenye ngazi, lango. Sikwenda dirishani. Niliogopa kuona kama amebeba mfuko wa nguo.

Simu ikalia. Ilikuwa ya Afande, ambaye alikuwa chini yangu kwa ngazi chache tu na hakuwahi kunipigia simu hata siku moja, kwa kuwa simu, kama honi, ilikuwa ya kuokoa maisha.

"Binti ya Duka."

"Naam, Afande."

"Mutoto ameludi Bugolobi."

Nikaibana simu sikioni.

"Peke yake," alisema. "Atakuwa anakuja Jumatano na Jumamosi kuniangalia. Tumekubaliana. Anasema nikisimama tena kwenye geti bila kujua, nitakwenda. Nikamwambia nikisimama kwenye geti bila kujua, jirani ataniuliza."

"Nitakuuliza, Afande."

"Kale." Nilimsikia akivuta kiti, hapo chini, na kwenye simu kwa pamoja. "Sasa kuna jambo. Hiyo gali yako. Zamani nirikuwa nakusikia kuanzia kule kwenye kona, navaa kofia, nashuka, unanikuta chini. Leo sikusikia kitu. Mutoto ndiye aliniambia umefika."

Nilikaa kitandani. Nidhamu ya jeshi la polisi.

"Kwa hiyo?" nilimuuliza.

Alishusha sauti, kama mtu anayesaini kitu kinyume cha kanuni.

"Kwa hiyo Jumapiri ukifika," alisema Afande, "piga honi."